Ua la Nyanya Juu ya Ugali

Jumatano, 9 Juni 1954

Wegesa ameondoka. Mke wangu huyo, mama Mokami. Kikapu kichwani, njia ya Busawe kwa kaka yake Ryoba. Hakugeuka hata mara moja. Kosa langu liko wapi? Jana alipakulia wageni ugali kama kichuguu. Nikachukua kisu, nikaukata mbele yao, nikapachika ua la nyanya. Ndivyo tulivyofanya nilipokuwa mpishi wa Bwana, Mzungu wa kambi ya dhahabu Nyakunguru. Sahani zote za Bwana nilizipanga mimi! Ati nimemwaibisha. Ati ugali wake nimeufanya mchezo. Mwanamke mgumu. Nyumba kimya.

Alhamisi, 10 Juni

Nimelala njaa. Heche jirani amechungulia, akanikuta napuliza moto. Ameuliza nimeolewa lini. Nimemtupia kijinga cha moto, nikamkosa.

Nimempelekea Ryoba salamu: shemeji, njoo Jumamosi, nachinja mbuzi. Akishiba atamrudisha dada yake. Akishiba na macho, atamrudisha mbio!

Jumamosi, 12 Juni

Nimepika kabla jogoo hajawika. Ugali wa wimbi nimeushindilia kwenye kikombe cha chai, nikaupindua. Vilima vitatu, laini kama kichwa cha mtoto. Kidari, nyama ya shemeji tangu babu zetu, nimekichana vyembamba, nikakizungusha kama ua. Katikati yai. Pembeni nimeacha wazi, sahani ipumue. Machozi yalinitoka kwa uzuri ule. Moshi pia ulikuwepo.

Ryoba akaketi. Akatazama. Akauliza nani amekula kabla yake, mbona kaletewa makombo. Nikasema huo ndio mtindo. Akauliza kidari chake kiko wapi. Nikamwonyesha: ndilo hilo ua, shemeji. Lo! Akasimama. Kidari, akasema, hupewa mtu kikiwa kizima, akate mwenyewe. Aliyemchania amemwona hana meno au hana heshima. Na maua ni chakula cha ng'ombe. Akanawa mikono ambayo hajaichafua, akaenda zake. Heche akacheka nje ya boma mpaka akakohoa.

Sahani nimeila mwenyewe. Haikushuka vizuri.

Jumatatu, 14 Juni

Wegesa amekuja! Si kukaa, amefuata chungu chake. Akaona nilivyokonda. Akawasha moto, akasonga ugali, kichuguu kizima, akauweka kati yetu na mboga ya mgagani pembeni. Tukamega kwa mkono. Nilitaka kusema nimekosa, mama Mokami. Nikasema tu ugali una moto. Akasema, kula, baba Mokami.

Chungu amekirudisha jikoni. Atalala hapa, kesho ataona. Ee Mungu, asiondoke tena.

Jumanne, 15 Juni

Nimemtangulia kuamka, nimshukuru. Kiporo alikifunika vizuri. Nimekikata nyota, nyanya kuzunguka, ua juu. Nikampelekea mlangoni nimeinama, kama mbele ya Bwana.

Aliitazama ile sahani muda mrefu. Nikadhani amefurahi. Akapita kando yangu, akaingia jikoni, akatoka na chungu.

Sasa anavuka mto, njia ile ile ya Busawe. Namwona. Kikapu kichwani, chungu kwapani, hageuki. Mimi niko kizingitini, sahani magotini, nzi wameanza.

Nimefikiri sana. Ua lilikuwa dogo.