Moyo Uliopata Ishirini na Nane kwa Mia

Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye ameshindwa kufika lakini kiti chake mnakiona pale mbele kimefunikwa kitambaa. Waheshimiwa wanakomite, wenye beji na wale ambao beji zao bado ziko kwa mchapaji. Mapadri, wachungaji, na wazee wetu wa msikitini Kamembe. Mamama wafanyabiashara wa mpaka wa Rusizi ya Pili, ambao leo mmeacha samaki na vitenge darajani kwa ajili ya afya. Wakulima wa Nyakabuye, majirani wa uwanja huu. Wagonjwa wapendwa, wa sasa na watarajiwa. Na hatimaye mimi mwenyewe, Harelimana, Rais wa Komite ya Kituo cha Upasuaji wa Moyo cha Nyakabuye, ambaye nisipojitaja hakuna atakayenitaja. Nadhani itifaki imeshiba. (Makofi. Mbuzi wa jirani anajibu.)

Kabla sijaingia kwenye kiini cha kiini, nataka ieleweke kwamba hotuba hii imeandikwa mgongoni mwa karatasi za ofisi ambazo tayari zilitumika upande mmoja, kwa sababu komite yetu inalinda misitu, na hiyo peke yake ni mafanikio ambayo nchi kubwa bado zinayafanyia semina. Ni karatasi sita tu. Sitawachosha.

Ndugu zangu, mlango huu mnaouona mbele yenu, wenye utepe mwekundu, na mabashi haya ya bluu, yaani maturubai, yaliyotundikwa kulia na kushoto kwake kwa sababu za kiusalama, ndiyo sura ya kituo ambacho kitapasua moyo kwa mfumo wa kisasa wa njia ya pembeni. Njia ya pembeni ni nini? Mnakumbuka mlima ulipoanguka barabarani kuelekea Bugarama, na taksi zikapitishwa katikati ya migomba ya watu? Ndivyo hivyo. Mshipa wa moyo ukiziba, daktari anachukua mshipa mwingine mguuni, anaushonea moyoni, na damu inapita kando ya palipoziba na kuendelea na safari yake bila kuomba ruhusa. (Makofi. Sauti ya mama: "Na mwenye migomba analipwa na nani?" Kicheko.) Maswali baadaye, mama.

Sasa naomba utulivu, kwa maana nafika kwenye sayansi. Mwaka jana tulimwalika daktari kutoka Bukavu, ng'ambo ya daraja, akaja na mashine yake, akatupima sisi wanakomite wote pamoja na wananchi kumi na wanne, na kila mmoja akapewa alama ya moyo wake, yaani kati ya damu iliyomo ndani, moyo unasukuma nje kiasi gani kwa kila pigo. Daktari huyo alitueleza kwa kirefu, nasi tukaandika kwa kifupi, kwamba moyo ukiwa na alama nzuri kabla ya operesheni, mgonjwa ana nafasi kubwa ya kuwa hai baadaye. Mimi nilipata sitini na mbili kwa mia. (Makofi machache.) Asanteni, lakini sikufurahi. Sitini na mbili! Mimi ambaye shuleni sikuwahi kushuka chini ya sabini! Nilimuuliza daktari nani katika wilaya amepata mia, akacheka, akasema hakuna, moyo hautoi damu yote, sitini ni moyo mzima kabisa. Komite yetu ilikataa uzembe huo wa kuridhika na sitini, na ikapitisha kwa kauli moja mpango mkakati kwamba ndani ya miaka mitano kila moyo wa Rusizi utapata mia kwa mia, pamoja na mioyo ya wageni wenye vibali.

Na kwa kuwa alama ni alama, tuliweka utaratibu wa haki kama wa shule yoyote yenye heshima. Aliyepata hamsini na kuendelea, amepita, tutampasua siku ya kwanza. Aliyepata chini ya hamsini, ameanguka, arudi nyumbani, apumzike, ale mboga, aje kwenye mtihani wa marudio. Hatuwezi kufungua kituo kipya na mioyo iliyofeli! Jina la kituo litakuwaje? Mfano hai ni huyu hapa, mstari wa pili, Papa Mukengere, seremala wetu wa Kamembe, aliyepata ishirini na nane. Simama, Papa, watu wakuone. (Mzee anajaribu kusimama, anashika kiti cha mbele, anakaa. Mkewe, Maman Nsimire, anasimama badala yake.)

("Papa Rais, samahani. Ile karatasi ya transfer ya bwana yangu iko wapi? Munganga mwenye mashine aliiandika mbele yako, akasema ende Kigali mu juma mbili, bamupasue haraka. Ukasema uibebe, utaipeleka. Sasa iko miezi munane.")

Mama, faili la mume wako liko salama, ndilo faili la kwanza la kituo chetu, namba moja kabisa, na tunalitunza kama yai. Aliambiwa arudie. Ameanguka.

("Hakuanguka. Moyo haisomaki, Papa. Hii ni moyo, si mutoto wa masomo ya primere. Inachoka tu. Juzi bamemupima tena Bukavu, iko makumi mbili na moja. Munganga ameniuliza, mulikuwa munangoja nini? Nilisikia haya mbele yake." Mama mmoja: "Mupe karatasi yake.")

Ishirini na moja! Mmesikia wenyewe? Miezi minane ya marudio, na badala ya kupanda ameshuka. Hii inaonyesha jinsi utaratibu wetu ulivyokuwa sahihi, maana tungempasua angetuharibia statistiki, na statistiki, ndugu zangu, ndiyo fahari ya kituo hiki. (Minong'ono.) Nitawasomea, karatasi ya tano. Idadi ya wagonjwa waliofia katika chumba chetu cha upasuaji tangu komite iundwe: sifuri. Waliofariki ndani ya siku thelathini baada ya operesheni: sifuri. Ndani ya mwaka: sifuri. Nitajieni hospitali moja, hata ya Ulaya, yenye rekodi hiyo! Bwana Bizimana, aliyekuwa mtu wetu wa takwimu, alitaka tuandike pia idadi ya operesheni zilizofanyika, tukamwona amechoka, tukampa likizo.

(Maman Nsimire anatoka kwenye mstari, anakuja mbele.)

Mama, rudi ukae. Protokoli. Nafika kwenye kilele. Karatasi ya sita, ambayo ina kaulimbiu tutakazoimba pamoja kabla ya kukata utepe. Moyo imara! Nanyi mnajibu, Rusizi imara! Tena. Moyo... Mama, unaangalia nini nyuma ya karatasi yangu?

("Ni hii. Jina yake hii. Mukengere. Na muhuri ya munganga. Umeandika maneno yako mugongoni ya karatasi yetu.")

Mama, hiyo ni hotuba. Hiyo ni mali ya ofisi. Mama, niachie, kaulimbiu zote zimo humo, na shukrani, na... (Karatasi imeondoka mkononi mwake. Makofi marefu kuliko yote ya leo.) Basi. Basi, sawa. Hamna taabu. Mtu mzima anaweza kusema bila kusoma.

Tuimbe basi. Moyo imara! Komite juu! (Mbuzi peke yake anajibu.) Juu zaidi!

Nakuja kwenye shukrani, nitazisema kama zinavyokuja kichwani. Naishukuru parokia kwa viti, virudi kabla ya saa nane kuna ndoa. Namshukuru Papa Sibomana wa Kamembe kwa kitanda cha wagonjwa tulichopiga nacho picha, alishakichukua jana, amepata mnunuzi. Nashukuru klabu ya vijana kwa mabashi. Namshukuru mwenye shamba, ambaye tutamjulisha. Na namshukuru kwa namna ya pekee Papa Mukengere, aliyetengeneza mlango huu kwa mbao ya libuyu, kwa mikono yake, akipumzika kila baada ya misumari miwili, baada ya sisi kumwahidi kwamba atakuwa wa kwanza kuupita. Papa, mnakwenda wapi? Mama, barabara iko huku, mzungukie huku nyuma ya viti.

("Kuzunguka ni mulima, hataweza. Taksi inapita chini pale, nyuma ya mulango.")

Hapana, hapo bado, utepe haujakatwa! Papa Mukengere, mwambie mkeo, wewe ni mtu wa heshima.

(Mzee, akihema, mkono begani kwa mkewe: "Rais, ni mimi nilisimamisha hii mulango. Najua kwenye inaelekea. Nilikuwa nangoja nyumba ikuje nyuma yake." Anavuta utepe, unakatika. Mlango unafunguka bila kulia. Nyuma yake ni mihogo, safu kwa safu, hadi barabarani. Wawili wanapita. Mamama wa Rusizi ya Pili wanainuka na kuwafuata, mmoja tayari anakimbia kusimamisha taksi.)

Ndugu wananchi. Ndugu... Mnaondoka nyote? Haya, asanteni kwa kuja. Msikanyage mihogo ya watu. Na wa mwisho kupita anifungie huo mlango polepole, ndicho kituo chote tulicho nacho.