Yah: Nesi Wetu Kukutwa Anakula

Kamati ya Zahanati,
Mkokoni, ng'ambo ya Mbuchi.

Kwa Ndugu Mratibu wa Ustawi wa Watumishi wa Afya,

Assalaam aleikum, na pole kwa majukumu. Naanza na pole kwa sababu huku kwetu tumezoea kuipa pole ofisi kwanza, mgonjwa baadaye.

Mimi ni mkulima wa mpunga na mjumbe wa kamati iliyotajwa hapo juu. Ninaandika kumlalamikia Bi Zena, ambaye peke yake ndiye nesi, mkunga, mtoa dawa na mfagiaji wa zahanati yetu. Kwa muda sasa mama huyu ameanza kuonyesha dalili za kuwa binadamu. Tumevumilia, tumeshindwa. Malalamiko yetu ni haya:

1. Amekutwa anakula. Jirani yangu Biasha alizunguka nyuma ya nyumba ya nesi akamkuta kainamia sahani ya wali na samaki changu, mchana kweupe. Ingekuwa Ramadhani tungepata la kusema, lakini haikuwa. Biasha akashangaa: "Kumbe na wewe huwa unakula, nesi? Haya, maliza hilo tonge nikueleze mgongo wangu." Bi Zena akaomba angalau anawe mikono. Mgongo wa Biasha umeuma tangu enzi za mume wa kwanza na haujawahi kumwomba mtu muda wa kunawa.

2. Ameanza kuchagua salamu. Unafahamu adabu za Pwani: mtu hampiti mwenzake kimya. Sisi tukimkuta nesi kisimani, arusini au msibani, humuuliza za kwake, naye akiuliza za kwetu tunamjibu, "Nyumbani salama, nesi, ila hili goti." Goti na salamu kwetu havitengani. Lakini tangu muendeshe ile semina yenu ya kukabili msongo wa mawazo, Bi Zena amejifunza kitu kinaitwa mipaka. Akitaka kupumzika hutundika kanga mlangoni, maana yake tusipige hodi. Mzee Maneno alisimama mbele ya ile kanga, akaisalimu, akaieleza kikohozi chake mwanzo hadi mwisho, akaaga. Anasema ilimsikiliza vizuri kuliko ofisi yoyote aliyowahi kuingia. Sijui kama hiyo ni sifa kwa kanga.

3. Aliwavurugia hiyo semina yenyewe. Wawezeshaji wako walikuja na maji ya kujaa, na bango ambalo lilibidi likunjwe ili lienee zahanati. Mshiriki alikuwa mmoja, Bi Zena, ambaye pia ndiye aliyewapikia pilau ya kamba, maana wageni hawawezi kufundisha kupumzika wakiwa na njaa. Wakamkalisha kwenye benchi la wagonjwa, wakamwambia afumbe macho aone mahali patulivu. Mwezeshaji, kwa sauti nzuri ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha, akasema: "Vuta pumzi. Ibane. Sasa iachie, achia kila kitu." Chumba cha pili alikuwamo Hafsa, uchungu umemkaba, akadhani anaambiwa yeye. Akavuta, akabana, akaachia kila kitu. Mtoto mzima, wa kike, mashallah. Bi Zena, badala ya kumalizia kuona mahali patulivu, alitoka mbio kwenda kumpokea, na mwezeshaji akatoa maoni kwamba mshiriki hana utayari wa kutulia. Kisha maji yakapwa, boti ikakaa juu ya tope, wawezeshaji wakapata msongo wa mawazo, wakamwomba Bi Zena dawa ya kichwa. Kwa haki ya Mungu niseme Hafsa anawashukuru sana.

4. Ameomba likizo. Hapa ndipo kamati iliposhika vichwa. Binti yake, Yasmini, aliyeolewa Mtawanya, ana mimba ya kwanza, na kwa mila zetu uzazi wa kwanza ni wa mama: yeye ndiye wa kumkanda maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini itimie. Kwa hoja nyepesi kama hiyo, Bi Zena aliomba aruhusiwe kwenda. Ofisi yako ikamjibu kwa busara kwamba inathamini sana mchango wake, kwamba hakuna wa kushika nafasi yake, na kwamba kwa kuwa ameonekana kuelemewa, ataletewa semina. Ndiyo hiyo ya pilau.

Nakuunga mkono. Mtu asiye na mbadala haendi popote. Ila tukubali mantiki hiyo mpaka mwisho, tusiwe waoga. Kama hana mbadala wa likizo, hana mbadala wa homa, basi apigwe marufuku kuugua. Asizeeke pia. Na kuhusu kufa, ofisi imwandikie mapema kwamba maombi ya aina hiyo hayatapokelewa mpaka apatikane wa kumpokea kijiti. Yasmini naye aelekezwe azuie uzazi wake mpaka bajeti ijayo.

5. Analia. Mtandao wa simu hapa unapatikana gatini tu, na gatini hakuna siri. Juzi tulimsikia Yasmini, simu ikiwa kwenye sauti kubwa: "Mama, watoto wa watu wote unawapokea wewe. Wangu nani?" Bi Zena aliweka simu mfukoni, akarudi zahanati, akaita, "Anayefuata." Baadaye alionekana nyuma ya jokofu la chanjo anajifuta macho kwa mtandio. Jokofu lile ni la chanjo. Tunaomba mwongozo wa maandishi kuhusu matumizi yake kwa machozi ya watumishi.

Kwa hayo yote tunaomba asipewe likizo, leo wala milele, na kanga ile ishushwe.

Wasalimie wote hapo ofisini, wale wawezeshaji, yule mwenye sauti nzuri hasa, na dereva wao aliyekwama nao kwenye tope. Biasha anakusalimu, na mgongo wake.

Ni mimi, nisiyechoka kuandika,
Hajira Abdulhalim

N.B. Yote niliyoandika hapo juu yachane. Yasmini ameanza uchungu alfajiri ya leo, na hata hivyo Bi Zena aligoma kupanda boti bila ruhusa yako, anaogopa kufukuzwa kazi. Ikabidi tumwambie kamati inamtuma kikazi, akupelekee barua ya kumlalamikia yeye mwenyewe. Hapo akakubali. Wajawazito wawili waliokaribia tumewapakia pamoja naye, watakaa kwa ndugu zao karibu na hospitali. Sisi wengine tumekubaliana magoti yasubiri. Huyo aliyekukabidhi bahasha hii, na bado amesimama mbele yako, ndiye Zena. Usimkaribishe kiti. Bodaboda ipo nje, haijazimwa. Mpe ruhusa hivyo hivyo akiwa amesimama.