Trekta ya Marehemu Baba Mkwe na Tangi la Gesi

Jumamosi, 11 Januari

Theluji inayoletwa na upepo wa ziwani inaanguka tangu alfajiri. Naogopa. Mshale wa tangi la gesi umelala kwenye nyekundu. Gesi ikiisha, mtambo wa joto unazima. Mtambo ukizima, maji yanaganda na mabomba yanapasuka. Na nyumba si yangu, ni ya mama mkwe.

Lori la gesi linapita huku Jumatano. Yule dereva hana masihara: asipokuta njia safi mpaka kwenye tangi, anageuza lori, tuonane wiki ijayo.

Jirani Onni Karvonen, mwenye pikapu yenye bamba la kusukumia theluji, alisimama kuuliza kama atusafishie. Nikamwambia ahsante, nina mpango. Akauliza mpango gani. Nikasema atauona. Akasema haya bwana, anasubiri sinema.

Mpango ni huu. Trekta ndogo ya marehemu baba mkwe, ya kukatia nyasi, imelala bandani. Nimempata mtu wa mjini Hancock ameniuzia mashine ya kurushia theluji. Kaapa inaingia kwenye trekta yoyote ya zamani. Wakati anaapa alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu wa haya sana.

Jumapili, 12 Januari

Kabla ya kufunga mashine lazima uchomoe kikatio cha nyasi tumboni mwa trekta. Pini zimeganda kwa kutu. Nimelala chini yake nagonga nyundo. Nikawaza: hii kitu ikiniangukia, watanikuta theluji ikiyeyuka. Nikatoka. Nikarudi. Nikatoka tena, kahawa.

Mama mkwe akaja amevaa buti za marehemu. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake unaonitia baridi, kama marehemu aliwahi kujaribu jambo hili. Nikasema nadhani hapana. Akasema basi mwanangu, marehemu alikuwa na akili zake. Akaenda zake.

Kikatio kimetoka. Kidole gumba kimevimba.

Jumatatu, 13 Januari

Matundu ya mashine na matundu ya trekta hayajawahi kukutana maishani. Nimeyapatanisha kwa mnyororo na boliti za mlango wa banda. Mlango sasa umeegemezwa tu.

Mkanda wa kuzungushia mashine niliuvisha kinyume. Meno ya mashine yakazunguka kurudi nyuma, yakala mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Nilisimama juu ya kiti cha trekta nikipiga kelele. Nashukuru Marja, mke wangu, alikuwa kazini.

Nikauvisha upya. Kikabaki kitu kimoja: mkono wa kugeuzia bomba linalorusha theluji haupo. Nilihitaji fimbo ndefu ya chuma. Nyuma ya nyumba ipo moja, imesimama kwenye theluji na kitambaa chekundu kichwani. Huku kila mtu anachomeka fimbo kama hiyo kando ya tangi lake, theluji ikizidi lijulikane liliko. Lakini mimi nakaa hapa mwaka wa ngapi huu? Tangi langu nalijua. Nikaing'oa.

Jumanne, 14 Januari

Inafanya kazi! Inanguruma mpaka meno yangu yanagongana. Sikuthubutu kutazama yale meno ya mbele. Nilifumba jicho moja nikaendesha. Theluji inaruka juu kuliko paa.

Onni alitoka kibarazani na kikombe chake. Nikampungia mkono. Mkono huohuo ndio uliokuwa umeshika fimbo. Bomba likajigeuzia nyuma ya nyumba, nami sikuliona, nilikuwa namtazama Onni akinitazama. Nikasafisha njia yote hivyo. Safi kabisa.

Jioni mtambo wa joto ukakohoa, ukanyamaza. Nikaenda kutazama mshale wa tangi. Hakuna mshale. Hakuna tangi. Kuna mlima.

Marja hakunigombeza. Alikusanya mablanketi, akamchukua mama yake, wakahamia kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke, kule joto ni la kuni. Nikauliza kama na mimi naweza kuingia. Mama mkwe akajibu kutoka ndani kwamba nafasi ipo, ila abaki mtu wa kusikiliza mabomba.

Nimekaa jikoni na makoti mawili, nasikiliza mabomba. Kila kitu humu kinalia kama kinapasuka.

Jumatano, 15 Januari

Lori lilifika tukichimba wote. Onni pia. Alikuja na beleshi bila kuitwa, na hakusema neno la sinema, jambo lililoniumiza zaidi. Dereva akauliza tangi liko wapi. Nikaonyesha. Tukachimba pale. Ardhi tupu. Nikaonyesha pengine. Kichaka cha waridi. Dereva akatazama saa, akashika mlango wa lori.

Mama mkwe akapiga hatua upande mwingine kabisa, akachoma beleshi. Ngo. Akamwambia dereva njoo baba, liko hapa.

Mabomba yamepona. Mama mkwe aliacha mifereji ikitiririka kidogo tangu Jumamosi ili maji yasigande, bila kumwambia mtu.

Alhamisi, 16 Januari

Nyumba ina joto. Marja amechukua ufunguo wa trekta, ameufungia mkobani. Amesema ni kwa usalama wa familia. Nikasema sawa mke wangu, nimekosa.

Sasa wamelala, na paa la banda linalia. Theluji imelielemea. Nyuma ya banda upepo umeilundika mpaka usawa wa paa, na imeganda ngumu, mtu anaweza kupanda nayo mpaka juu. Si mtu tu, hata trekta.

Masikini Marja. Trekta ya zamani vile haihitaji ufunguo. Bisibisi inatosha kuiwasha.