Panya Nao Wana Ukoo

Kwa Ndugu Katibu wa Tawi la Chama,
Ijuganyondo.

Machi 1973

Ndugu Katibu,

Pokea heshima za mlinzi mkuu wa panya (na wa pekee). Mimi Buberwa, darasa la sita nusu, ndiye mshika daftari la panya weupe hapa hospitalini Bukoba. Daktari hukata kipande cha uvimbe wa mgonjwa, humpandikizia panya, kisha panya huonja dawa kwanza. Wenzao wako Muleba kwa Datius, mshika daftari mwenzangu. Ma Alistidia wa Kitendaguro yuko wodini, dawa ziko mbili, na daktari anataka tupeane daftari ijulikane ipi inapunguza uvimbe wake. Nimekataa, na sababu ninazo.

1. Datius huandika namba, tarehe na vipimo basi, eti siri ya mgonjwa. Namba ni za magunia ya kahawa, waitu! Mimi naandika ukoo. Panya aliyebeba nyama ya Mhaya ni Mhaya.

2. Kwa kutojali ukoo, Datius ameweka tundu moja dume na jike, wote wana uvimbe wa Ma Alistidia. Damu moja! Wamezaa sita. Nilipomkaripia akaniuliza kama mahari nitapokea mimi.

3. Ushahidi ninao. Panya wa ukoo usiokula samaki kamongo nilimwekea kamongo, akageuza mgongo. Nani alimfundisha mwiko? Uvimbe.

4. Kwa hiyo naomba Chama kiamuru panya wagawanywe kumi kumi kama nyumba zetu, kila kumi na balozi wao, na Datius aje kusoma kwangu kabla sijampa hata ukurasa. Ujamaa ni undugu, na ndugu haitwi namba.

Nisalimie Mama Joviana, watoto, na mzee Mushumbusi anayeniita mchunga panya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Buberwa

Tanbihi: Nikitafuta bahasha, daktari kaja kuuliza panya wa Ma Alistidia wanaendeleaje. Nimefungua daftari: wa ukoo wake ni kumi na mmoja, maana nusu ya wodi ni shangazi zake. Yupi ana uvimbe wake hasa sikuandika, tarehe hakuna, dawa haikuandikwa. Datius kafika na baiskeli, kafungua namba zake: ni dawa ya pili. Jasho halijamkauka, Ma Alistidia ameshaanza kupewa. Basi, Ndugu Katibu, nilipoandika Datius soma Buberwa, na nilipoandika Buberwa soma Datius. Ila hoja ya kamongo usiiguse.