Rimoti ya Bibi Vidosava Iliyovishwa Nailoni

Toza aliikalia rimoti, na hapo ndipo akili yake ilipofunguka.

Alikuwa amejitupa kwenye kochi la chumba chake cha kupanga mjini Niš, kipande cha burek ya nyama mkononi, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko, mara televisheni ikagoma. Akapapasa, akaitoa rimoti chini ya makalio yake. Vitufe viwili vilikuwa vimebanwa pamoja, na kitaa chake kidogo kinamkonyeza. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, kimya. Makalio yake yalikuwa yamevunja ndoa kati ya rimoti na king'amuzi cha intaneti. Alihangaika weee, mwishowe akabana vitufe vile vile tena, kitaa kikakonyeza, kikatulia, na wanandoa wakapatana. Mtu mwingine angecheka na kuendelea na burek yake. Toza aliacha kutafuna.

"Hivi mjini hapa," alijiuliza, "ni wangapi wanaolijua hili?"

Jibu, kwa heshima zote kwa wakazi wa Niš, lilikuwa: wachache mno.

Sasa, msomaji asimwone Toza kuwa mtu mwenye tamaa ya hovyo. Alikuwa na shida ya kweli. Jino lake la mbele, la juu kulia, lilikuwa limemtoka wakati wa baridi kwa sababu ya mfupa wa mbavu za nguruwe, na tangu siku hiyo biashara ilikuwa imelala. Tapeli hutegemea tabasamu lake. Toza alipotabasamu na lile pengo, watu walishika pochi zao. Daktari Zlata wa meno alikuwa amemwahidi jino la kauri jeupe pee, ila alimjua Toza tangu shuleni, kwa hiyo alisema neno moja tu: taslimu.

Basi akanunua kofia yenye nembo isiyo ya kampuni yoyote, akatundika kitambulisho shingoni, akaenda kwenye jengo moja refu ng'ambo ya mto ambako wastaafu wengi walikuwa wamefungiwa ving'amuzi vipya. Jumatatu alipita kila mlango akijiita mkaguzi. Nusu ya rimoti za mle ndani zilikuwa zimefungwa nailoni, kama wafanyavyo watu wanaothamini vitu vyao, lakini vitufe hubonyezeka hata juu ya nailoni. Alizishika kwa upole, akavibana viwili vile huku akiulizia hali ya magoti ya mwenyeji, akaacha namba ya simu, akala kona.

Kufikia Jumatano simu yake haikupumua.

Alhamisi akarudi kama mkombozi. Wa kwanza alikuwa Bwana Radisav wa ghorofa ya pili, meja mstaafu, mtu wa kuhesabu hata vijiti vya kiberiti.

"Rimoti yako imepewa talaka, bwana mkubwa," Toza alisema kwa huzuni, kiganja kikiwa mdomoni kuficha pengo. "Naweza kuirudisha kikawaida. Au kuna kuoanisha kwa dhahabu."

"Dhahabu ndiyo nini?"

"Chaneli zote. Mpira wote, sinema zote, mpaka zile za kulipia. Bure, maisha. Lakini haya mambo hatuwafanyii watu wote."

Meja akaenda kuchungulia kwenye kitundu cha mlango, akarudi kwa kunyata. "Usimfanyie yule wa ghorofa ya tatu," alinong'ona. "Hastahili." Kisha akaenda kutoa akiba yake kwenye kopo la unga.

Huyo wa ghorofa ya tatu naye aliomba Meja asifanyiwe. Toza aliwaheshimu wote kwa usawa. Alibana vitufe, kisha akawasha ule mwezi mmoja wa kuonja chaneli zote ambao king'amuzi humpa bure kila anayeuomba, na kila alipotoka kwenye nyumba aliinama kufunga kamba za viatu vyake. Kitita kilikuwa kinanenepa chini ya soli ya ndani ya kiatu cha kulia. Wachomoaji wa kwenye mabasi hupapasa mifuko, alifikiri, nani atapapasa kiatu? Hivyo ndivyo alivyowaza, mwana wa nchi ambayo hata polisi akija kukukamata huvua kwanza viatu mlangoni.

Alipofika chini, jino likiwa tayari limelipiwa kiatuni, simu ililia.

"Mwanangu, ni mimi Vidosava wa ghorofa ya juu kabisa," ilisema sauti ya kikongwe. "Umenipita. Nami nataka hiyo ya dhahabu. Nitalipa na ya dada yangu."

Angeweza kwenda zake. Daktari Zlata alikuwa anamsubiri. Lakini mtu akisema atalipa mara mbili, miguu ya Toza haingoji ruhusa ya kichwa. Akapanda ngazi, maana lifti ilikuwa mbovu.

Bibi Vidosava alimpokea na kandambili za sufu. Toza akavua viatu, akavipanga karibu na mlango wa sebule, ncha zikitazama ndani, mahali ambapo angeviona akiwa amekaa. Akavitazama. Akakaa. Akavitazama tena.

"Kaa kwa raha, baba, viatu havina miguu," bibi alisema. Akamletea jemu ya waridi kwa kijiko na glasi ya maji, kisha kahawa, kisha rakija, pombe kali ya matunda, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna fundi aliyewahi kugusa kitu kabla ya kunywa. Alipomaliza kahawa bibi akakipindua kikombe kwenye kisahani, akangoja, akakiinua na kuchungulia mashapo ya kahawa. Jengo zima lilikuwa likija kwake kutazamiwa bahati, na hakuna aliyewahi kutoka mle bila kuacha chochote mezani.

"Naona kitu cheupe," alisema. "Kiko mbele yako. Umekitamani muda mrefu."

Toza alishtuka mpaka akasahau kuziba mdomo. "Ni jino, bibi! Naliweka leo leo, kwa Daktari Zlata!"

"Na kingine unakitazama tazama. Kiko chini."

"Ah, hicho sikijui," Toza alisema upesi. "Rimoti iko wapi?"

Ililetwa juu ya kitambaa cha kufuma, utadhani masalia ya mtakatifu. Ilikuwa imezungushiwa nailoni tabaka juu ya tabaka, imekazwa kwa utepe, imevimba.

"Marehemu Budimir aliifunga kwa mikono yake siku ilipoletwa," bibi alisema. "Yeye amekufa, rimoti bado mpya. Nailoni usiiguse."

Toza alibana vitufe viwili. Kitaa hakikukonyeza. Akabana tena, akahesabu kimoyomoyo, hamna. Akapiga magoti mbele ya televisheni, akachomoa king'amuzi kwenye umeme, akangoja, akakichomeka, akaisogeza rimoti mpaka ikakigusa. Hamna. Jasho likaanza kumtoka. Kofia akaitupa pembeni.

"Jumatatu ulisema wewe ni mkaguzi mkuu," bibi alisema nyuma yake.

"Ndiyo, bibi."

"Basi kagua. Tamthilia yangu ya Kituruki inaanza sasa hivi, na leo yule mama mkwe anafichuliwa."

Jambo la ajabu likamtokea Toza, jambo ambalo halikuwahi kumtokea katika miaka yote ya kazi. Alitaka kujua. Hakutaka fedha ya bibi wala ya dada yake, alitaka kujua kwa nini kitaa hakiwaki. Aliigeuza rimoti, akaitega sikioni, akaipapasa kitufe kwa kitufe, na kidole chake kikasimama.

"Bibi! Nailoni imekazwa mno! Imekibana kitufe cha sauti, kimezama muda wote. King'amuzi kinasikia kelele za kitufe kimoja tu, hizo amri nyingine kitazisikiaje?"

"Eti nini?"

"Lazima tuivue!"

Bibi Vidosava akafanya ishara ya msalaba. Kisha akaifungua nailoni mwenyewe, polepole, akaikunja kwenye mapaja kwa machozi mawili matatu. "Ngoja nikaiweke mahali salama," alisema, akatoka nayo kwenye korido.

Toza hakugeuka. Alikuwa ameshika rimoti uchi, kitufe kimechomoza. Akabana viwili. Kitaa kikakonyeza. Kikakonyeza tena, kikatulia, na televisheni ikalipuka kwa vinanda vya Istanbul na mama mkwe aliyevaa hereni kubwa.

"Imewaka! Bibi, imewaka!" alipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Alifurahi kweli. Bibi aliporudi alimkumbatia na kumbusu mara tatu, na kwa kuwa mama mkwe alikuwa anafichuliwa, alimwomba arudi kesho kuchukua malipo. Toza, huku akijishangaa, akakubali.

Alivaa viatu. Kisigino cha kulia kilikanyaga kitu kinene, laini, kilichopo palepale pake. Akashuka ngazi akipiga mluzi kupitia kwenye pengo, na njia nzima mpaka kwa daktari alikuwa akikanyaga kwa madaha.

"Taslimu," alisema Daktari Zlata, mkono umenyooshwa.

Toza akaketi kwenye kiti cha meno, akavua kiatu, akainua soli ya ndani. Chini yake kulikuwa na nailoni, imekunjwa vizuri mara nyingi, ikiwa na utepe wake. Aliikunjua. Akaitazama kwenye mwanga. Akakikung'uta kiatu, kisha kile cha kushoto pia, ambacho hakijawahi kuwa na kitu.

Simu ikalia.

"Umeshafika kwa daktari, mwanangu?" Nyuma ya bibi zilisikika sauti za watu na vikombe. "Majirani wote wako hapa, tunatazama marudio. Kila mtu nimemrudishia chake. Cha Radisav nimekimega kidogo kwa ajili ya kahawa, na wala hawezi kulalamika, maana itabidi aseme mbele ya watu alichokuwa ananunua."

"Bibi," Toza alisema kwa sauti ndogo, "umejuaje?"

"Miaka yote nimesoma vikombe, baba. Vikombe havisemi kitu. Natazama mtu anatazama wapi, na Jumatatu uliniulizia magoti huku ukitazama vitufe." Akacheka. "Usiku wa jana nimekesha naikaza ile nailoni mpaka vidole vikaniuma. Nilitaka fundi ashughulike kidogo. Sasa sikiliza, usiitupe. Tabaka za juu ni zangu, lakini ile ya ndani ni ya Budimir kweli. Niletee."

Simu ikakatika.

"Haya, Toza," alisema daktari, "leo tunaweka jino au hatuweki?"

Toza aliona uchungu, uchungu wa mtu mzima aliyeingizwa mjini na bibi wa kandambili. Akafikiria kulia. Badala yake kicheko kikamponyoka, pengo wazi, na hakuliziba. Akaikunja nailoni upya, taratibu, asiikwaruze ile ya ndani, akairudisha chini ya kisigino na kushuka kwenye kiti. Ilibidi airudishe kwa mwenyewe. Na zaidi ya hapo, alitaka kuona kama ile rimoti bado inafanya kazi.