Risasi Zilizoombewa

Leo nimejivua nguo ukweni, mchana kweupe, na suti nilikuwa nimeivaa.

Baba yake Mumbi, mchumba wangu, anaishi Stafford, pembeni ya Houston. Ana bastola ya jeshi la Uswisi, ya karne ya kumi na tisa. Aliinunua bila risasi, kwa hiyo kazi yake ni kuipangusa na kushusha pumzi. Leo ndiyo siku aliyosema atanijibu kama wazee wangu waje tuongee mahari. Mimi nani niende mikono mitupu?

Jana nikaingia duka la silaha hapa Dallas. Nikaona boksi: risasi za Uswisi, milimita saba na nusu. Bastola ya mzee ni ya Uswisi, milimita saba na nusu. (Hesabu nilipata A, ndiyo shida ilipoanzia.) Muuzaji akataka kujua ni za silaha gani: "What are you shooting it out of?"

"I'm good, thanks." Nesi mzima nihojiwe na mtu wa kaunta?

Leo asubuhi, njia nzima mpaka Houston, nikamweleza Mumbi jinsi Waswisi walivyo makini. Mumbi akajifanya amelala.

Tulikuta mashangazi wamejaa sebuleni kwa mzee, nikawatangazia kwamba zawadi hii nime-research. Mjomba wa Mumbi akasema zawadi haifunguliwi bila maombi. Akaziombea risasi, kila moja ifike ilikokusudiwa. Tukasema amina, tukaenda uwanja wa shabaha, mashangazi na vilemba vyao nyuma yetu.

Mzee akafungua kimlango cha bastola, akaingiza risasi ya kwanza. Ncha ikaingia. Mwili ukakataa, ukabaki nje kama mwiko kwenye kikombe cha chai. Akajaribu nyingine. (Nilidhani labda ile ya kwanza haikushika maombi.)

Mzungu wa meza ya pili akachungulia. "Sir, those are for a rifle." Yaani za bunduki ndefu, si za bastola.

Shangazi mmoja, polepole: "Na si ni huyu alisema ame-research?"

Nilitamani ardhi ya Texas inimeze. Mumbi alikuwa anakagua viatu vyake.

Mzee akafunga boksi, akalitia kwapani. "Kijana, zawadi hairudishwi. Risasi nimepokea. Sasa enda utafute bunduki yake. Ukiipata, uje nayo pamoja na wazee wako."

Basi natafuta bunduki kuukuu ya Uswisi, ya bei ya nesi. Mwenye kujua inakopatikana aniandikie. Mwenye kutaka kucheka amechelewa, mashangazi wameshamaliza.