Sukari ya Kwaresima

Jumanne, 18 Machi

Nimefika Murukulazo. Nimepanga chumba kwa Mama Ildefonsa, mwenyekiti wa kina mama wa kigango. Mjane. Mkali. Maharage yake hayana mfano.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili: jinsi mwili wa mkulima unavyodhibiti sukari ya damu akiwa na njaa. Wenzangu wanahangaika kubembeleza watu wakubali kukaa bila kula. Mimi nimekuja katikati ya Kwaresima. Watu wamefunga wenyewe, kwa furaha. Akili hii sijui nimeitoa wapi.

Priscila, tuliyeanza naye chuo siku moja, yuko Nyamigogo na mbuzi. Anachunguza wanavyotumia mafuta ya mwili wakipungukiwa majani. Mbuzi hafungi kwa hiari. Namhurumia.

Msimamizi wetu, Profesa Melania, anakuja tarehe 31. Amesema siku hiyo asipokuta vipimo safi, mada yangu inafutwa na nitahamia Nyamigogo kumshikia Priscila mbuzi. Kumshikia! Nimejibu kwamba hapatakuwa na haja.

Alhamisi, 20 Machi

Nimezunguka nyumba kwa nyumba tangu alfajiri. Kila mtu ameapa kwamba amefunga. Mtu ambaye hajala, sukari yake kwa kawaida haifiki sita. Mzee Leonidasi: nane. Mkewe: nane na nusu. Jirani yao: tisa. Nimepima upya, ni vilevile.

Maelezo ni mamoja tu. Mwili wa mtu wa Murukulazo haufuati kanuni za dunia. Nimegundua kitu! Nimempigia Priscila nimtaarifu. Ameniuliza kama nilipofika kwenye hizo nyumba kuna mtu alikunywa chochote. Nikasema hakuna, mimi tu, nilipewa togwa kama mgeni. Akauliza nani alitangulia kuonja.

Nimekata simu. Mtandao huku unasumbua.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna aliyenidanganya. Wote walikuwa wamefunga mpaka nilipobisha hodi.

Mwenyeji huonja togwa kwanza mbele ya mgeni, aonekane hajaweka kitu. Kisha mgeni haachwi anywe peke yake, kwa hiyo kibuyu cha kinywaji hicho kitamu kinazunguka, na mrija unapita kwa baba, mama na jirani aliyekuja kusalimia. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Kaniha, si mbali na hapa, na nimekulia desturi hizohizo. Nadhani ni chuo kimenisahaulisha.

Nimerudi kwa Mzee Leonidasi. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamuuliza kwa upole kwa nini alivunja mfungo kwa ajili yangu.

“Mungu tutaelewana naye,” alisema. “Mgeni aliyetoka kwangu na koo kavu, huyo nitamwambia nini?”

Kwa hiyo kinachoharibu vipimo vyangu ni mimi kufika. Hili kwenye vitabu halimo.

Jumamosi, 22 Machi

Mbinu mpya: kukataa togwa. Nimeanzia kwa Odeta Niyokwizera. Nimesema tumbo langu si zuri. Akaweka kibuyu chini taratibu, akaniuliza nani ameniambia nini kuhusu nyumba yake.

Kufika saa sita, kitongoji kizima kinajua kwamba msomi anamshuku Odeta kuwa anatilia watu sumu. Mama Ildefonsa amenisimamia mlangoni na kuniamuru nirudi nikanywe. Nimekunywa vibuyu viwili mbele ya majirani, polepole, ili kila mtu aone koo likishuka na kupanda. Odeta amenisamehe. Tumbo sasa si zuri kweli.

Jumapili, 23 Machi

Nimepata! Kanisani! Wazee wa hapa hawaweki kitu mdomoni mpaka wapokee komunyo, ndivyo walivyolelewa. Na kanisani hakuna mwenyeji wala mgeni, hivyo hakuna togwa. Nitawapima kabla ya Misa ya kwanza.

Katekista Renatus amekubali, Jumapili ijayo, baada ya kusoma kibali changu cha wilaya mpaka kwenye mhuri. Amenipa nafasi ya kuwaeleza waumini. Nimeeleza kwa lugha nyepesi kabisa: aliyefunga namba yake ni ndogo, aliyekula namba yake ni kubwa, na mashine haina undugu na mtu. Watu wamecheka. Nina kipaji cha kufundisha.

Jumatano, 26 Machi

Priscila amepiga. Ananishauri nipimie nyuma ya kanisa, mtu mmoja mmoja, na namba abaki nayo mwenyewe. Wivu huo. Nitakaa mlangoni penye mwanga na nitasoma kwa sauti. Kitu cha kufichwa ndicho kinachozua maneno.

Silali vizuri. Mama Ildefonsa anatoka nje usiku mara kwa mara na mlango unalia. Nimemwomba aupake mafuta. Amesema ni maji tu, siku hizi ana kiu. Nikamwambia hiyo ndiyo faida ya kufunga.

Jumapili, 30 Machi

Foleni ilifika mpaka barabarani. Mzee Leonidasi: nne na nusu. Mkewe: tano. Odeta: nne na nusu. Kila nikisoma, watu wanaguna kwa kuridhika. Vipimo kama vya kwenye kitabu! Nilikuwa naona mbuzi wa Priscila wakididimia kwenye upeo wa macho.

Kisha Mama Ildefonsa. Kumi na saba.

Nikasoma, kwa sauti. Nikafuta kidole chake, nikapima upya, nikasoma tena. Kina mama wote walikuwa wanatazama chini.

“Sijaweka hata chai mdomoni, mwanangu,” alisema.

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba mashine haina sababu ya kudanganya.

Wenzake walipoenda kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi. Mwenyekiti wao! Foleni yangu nayo ilikatika hapo. Waliobaki walikumbuka mbuzi hawajafungwa, maji yako motoni. Jioni sikupewa maharage.

Nimemwondoa kwenye hesabu. Sasa vipimo ni safi.

Jumatatu, 31 Machi

Profesa Melania amefika, na Priscila nyuma yake. Amepitia vipimo, amevisifu, kisha akauliza mbona kuna mtu amekatwa. Nikamweleza kwamba huyo ni mwenye nyumba wangu na alikula kwa siri. Priscila akauliza kama huwa ana kiu. Nikasema jagi zima kila usiku, ndiyo maana mlango unalia.

“Frednandi,” alisema Profesa, “unasomea sukari, umelala nyumba moja na mgonjwa wa sukari, na ulichokiona ni mlango.”

Tumempeleka hospitali kwa gari la Profesa. Ni kweli. Daktari amesema ugonjwa ni wa siku nyingi, na angechelewa kidogo zaidi angeanguka shambani. Mama Ildefonsa alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja: kama dawa aliyopewa inaweza kuwaeleza kina mama kwamba hakula. Niliona aibu. Niliona aibu kweli, hadi chai ikanishinda.

Profesa amesema mada yangu itasubiri. Kwanza nirudishe heshima ya huyu mama palepale nilipoiondoa. Nimeahidi kwamba nitaifanya kazi hiyo kitaalamu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeifanya. Baada ya Misa, Katekista Renatus alinipa dakika chache. Nilisimama mbele, nikasema Mama Ildefonsa hakula. Kina mama wakaanza kupiga vigelegele. Ningeweza kuishia hapo, lakini msomi haachi jambo bila ushahidi. Nikawaeleza ugonjwa wake, tangu kongosho mpaka figo. Nikataja dawa zake, asubuhi na jioni. Nikaeleza kwa nini anatoka usiku, na mara ngapi. Mwisho nikasoma namba za hospitali, kwa sauti, zote. Vigelegele vilikuwa vimekwisha zamani, nadhani kwa sababu ya umakini.

Njiani Mama Ildefonsa alitangulia mbele yangu. Karibu na nyumbani akasimama.

“Ungesema sikula,” alisema. “Ingetosha.”

Unyenyekevu wa mama huyu unanigusa. Aliingia ndani akafunga mlango. Wa chumba changu pia, begi langu likiwa nje, bila shaka ili chumba kipate kufanyiwa usafi.

Hata hivyo nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kutaja namba za mtu mmoja, akaonekana yuko peke yake. Nimeanza kuandika za wote kwenye karatasi kubwa, majina kwa wino mwekundu. Nitaibandika kwenye mlango wa kanisa Jumapili ijayo. Ni Jumapili ya Matawi, watu wanakuwa wengi.